Siriali au Ethaneti: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga Mawasiliano ya Vifaa vya Kiwandani

Mtu anayepewa kazi ya kuunganisha mita za umeme, inveta za mota, vihisi vya joto na kidhibiti kikuu, yaani PLC, hukutana mapema na swali la njia ya mawasiliano: atumie laini ya siriali, ambayo hupitisha data biti moja baada ya nyingine juu ya jozi ya nyaya, au atumie mtandao wa Ethaneti? Wengi hulijibu kwa kutazama kasi peke yake. Biti 9,600 kwa sekunde zikiwekwa kando ya biti milioni 100 kwa sekunde, uamuzi huonekana umekwisha kutolewa. Hata hivyo, mita inayosomwa mara moja kila sekunde tano haifaidiki na kasi hiyo, na waya wa mita 600 unaokatiza karakana yenye mashine za kulehemu hauwezi kuwa kebo ya kawaida ya Ethaneti. Hatua zifuatazo zinamwongoza msomaji kuamua kwa hesabu na vipimo, kisha kufunga kile alichokiamua bila kuacha kasoro zinazojitokeza baadaye.

Hatua ya 1: Tenganisha waya na itifaki

Kosa linalozaa makosa mengine ni kuchanganya njia ya umeme na lugha inayopita juu yake. RS-232 na RS-485 ni viwango vya umeme: vinaeleza volteji, idadi ya vifaa na namna ya kuendesha nyaya, lakini havisemi chochote kuhusu maana ya baiti zinazopita. Ethaneti, iliyosanifiwa kwa kiwango cha IEEE 802.3, inaongeza muundo wa fremu na anwani za vifaa, lakini nayo haijui kama namba iliyobebwa ni joto la tanuri au kasi ya mota. Maana hiyo inatolewa na itifaki: Modbus, PROFIBUS DP, PROFINET, EtherNet/IP, EtherCAT na nyinginezo.

Modbus, iliyoanzishwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, inafaa kutumiwa kama mfano kwa sababu inapita pande zote mbili. Tuseme kidhibiti kinaomba rejesta 10 (visanduku vya namba ndani ya kumbukumbu ya kifaa) kutoka kifaa namba 1. Juu ya RS-485, kwa muundo wa RTU (Modbus ya siriali), ombi, likiandikwa kwa namba za msingi wa 16, ni hili:

01 03 00 00 00 0A C5 CD

Baiti ya kwanza ni anwani ya kifaa. 03 ni amri ya kusoma rejesta. 00 00 ni mahali pa kuanzia. 00 0A ni idadi, yaani 10. Na baiti mbili za mwisho ni CRC, hesabu ya kukagua kama ujumbe umefika bila kuharibika. Ombi hilohilo juu ya Ethaneti, kwa muundo wa TCP (itifaki ya kufikisha ujumbe mtandaoni), huandikwa hivi:

00 01 00 00 00 06 01 03 00 00 00 0A

Kuanzia 03 hadi 0A hakuna kilichobadilika. Kilichoongezwa mbele ni namba ya ombi, alama ya itifaki na urefu wa ujumbe, vikifuatwa na namba ya kifaa. Kilichoondolewa nyuma ni CRC, kwa kuwa fremu ya Ethaneti ina ukaguzi wake wenyewe. Kwa hiyo anayehama kutoka Modbus RTU kwenda Modbus TCP habadilishi maana ya data yake. Anayehama kutoka PROFIBUS kwenda PROFINET, kwa upande mwingine, anaingia katika itifaki iliyosanifiwa upya, na hapaswi kudhani kwamba mipangilio ya zamani itahamia yenyewe.

Ni vyema pia kuondoa hapa dhana kwamba kila kifaa chenye tundu la RJ45, lile la kawaida la kebo ya Ethaneti, kitaelewana na kidhibiti chochote chenye tundu kama hilo. PROFINET na EtherNet/IP zinaweza kupita kwenye swichi moja, yaani kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao, bila kugombana, lakini kifaa cha moja hakitamjibu kidhibiti wa nyingine hata kebo ikiwa mpya kabisa.

Hatua ya 2: Andika orodha ya vifaa kabla ya kununua chochote

Kwa kila kifaa andika mlango kilio nao, itifaki kinazozungumza, umbali wake kutoka kidhibiti, idadi ya rejesta zinazohitajika kweli, na ni mara ngapi zinahitajika. Ongeza safu moja inayosahaulika mara nyingi: ni nani mwingine atakayehitaji data hiyo? Kama ni kidhibiti kimoja tu, siriali inatosha kwa urahisi. Kama kuna kompyuta ya usimamizi, seva ya kumbukumbu na skrini ya mwendeshaji, zote zikitaka kumsoma kifaa mmoja kwa wakati mmoja, Ethaneti tayari imeanza kushinda kabla kasi haijatajwa, kwa sababu Modbus RTU inaruhusu kiongozi mmoja tu kwenye laini. Inafanana na mkutano ambao hakuna anayefungua kinywa mpaka mwenyekiti amtaje kwa jina, na wenyeviti wawili hawawezi kukaa kwenye kiti kimoja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzunguko

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo mengi, nayo haihitaji chochote zaidi ya kalamu na karatasi.

Katika Modbus RTU kila baiti hubebwa na biti 11: ya kuanzia, nane za data, ya pariti (ya kukagua kosa) na ya kumalizia. Ombi la kusoma rejesta 10 lina baiti 8, na jibu lake lina baiti 25: tatu za mwanzo, 20 za data na mbili za CRC. Jumla ni baiti 33, yaani biti 363. Kwa kasi ya 9,600 biti hizo huchukua takribani milisekunde 37.8. Ongeza ukimya unaotakiwa kati ya fremu, ambao ni muda wa baiti 3.5, yaani milisekunde 4 kwa kila fremu, au 8 kwa ombi na jibu. Ongeza tena muda ambao kifaa hutumia kutafakari kabla ya kujibu. Tuchukue milisekunde 10. Tumefika 56. Vifaa 20 vya aina hiyo vitasomwa vyote katika sekunde 1.1 hivi.

Sasa pandisha kasi hadi 115,200. Baiti zilezile 33 hupita kwa milisekunde 3.2. Lakini ukimya haushuki kwa kiwango hichohicho, kwa kuwa kiwango cha Modbus kinapendekeza ubaki milisekunde 1.75 kwa kasi zote zinazozidi 19,200, na kifaa bado kinatumia milisekunde 10 kutafakari. Jumla ni karibu 16.7 kwa kifaa, au theluthi moja ya sekunde kwa vifaa 20. Kasi imepanda mara 12, mzunguko umefupika mara tatu na ushei tu. Anayesumbuliwa na laini nzito akakimbilia kupandisha kasi peke yake hukutana na ukuta huu, huku akiwa ameifanya laini yake iwe nyepesi zaidi kudhurika na kelele za umeme.

Mara nyingi dawa iko kwenye namna ya kuuliza. Rejesta 10 zikiombwa moja moja, kwa kasi ya 9,600, kila ombi na jibu lake hutumia baiti 15, na pamoja na ukimya na kutafakari huchukua milisekunde 35. Yote 10 hufikia milisekunde 350, badala ya 56 za ombi moja. Modbus inaruhusu kusoma hadi rejesta 125 zinazofuatana kwa ombi moja, hivyo ni heri kusoma na rejesta mbili tatu zisizohitajika katikati kuliko kulivunja ombi vipande vipande. Angalia tu kwenye kijitabu cha mtengenezaji, kwa maana baadhi ya vifaa hurudisha kosa vikiulizwa rejesta ambayo havina.

Fanya hesabu hiyo kwa Ethaneti ya biti milioni 100 kwa sekunde. Ombi letu, likishavikwa vichwa vya TCP, IP na Ethaneti pamoja na nafasi za lazima kati ya fremu, huwa na baiti 90 hivi, na jibu 107. Zote mbili hupita kwenye waya kwa chini ya mikrosekunde 20. Kwa lugha nyingine, waya si kikwazo tena. Kinachobaki ni kasi ya kifaa chenyewe, na kifaa chenye kichakataji dhaifu kitajibu kwa milisekunde kadhaa hata kikiwa na tundu la Ethaneti. Faida kubwa zaidi ni kwamba vifaa vyote 20 vinaweza kuulizwa sambamba, hivyo mzunguko mzima unalingana na kifaa kimoja kilicho goigoi kuliko wote badala ya jumla ya vyote.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi kifaa kimoja kinapokufa. Kwenye laini ya siriali, ikiwa muda wa kusubiri jibu umewekwa sekunde 1 na majaribio ni matatu, kifaa kilichozimwa huongeza sekunde tatu kwenye kila mzunguko, na vifaa 19 vilivyo vizima husomwa kwa kuchelewa bila kosa lolote lao. Pima muda halisi wa majibu, kisha weka muda wa kusubiri unaouzidi kwa kiasi cha kutosha tu, na kipange kidhibiti kimuulize mfu mara chache.

Hatua ya 4: Linganisha umbali na mazingira

RS-232 inaunganisha vifaa viwili tu, kwa kawaida ndani ya mita 15, na leo kazi yake kubwa ni mipangilio na matengenezo. RS-485 hufika mita 1,200 kwa kasi zisizozidi takribani biti 100,000 kwa sekunde, nayo huhimili kelele kwa sababu mpokeaji husoma tofauti ya volteji kati ya nyaya mbili zilizosokotwa: usumbufu unaoziingia zote kwa pamoja hautambuliwi kama data. Kiwango kinaruhusu mizigo 32 ya kawaida, yaani vifaa 32 vyenye vipokezi vya kawaida, kwenye laini moja. Vifaa vyenye vipokezi vyepesi huruhusu idadi kubwa zaidi, ingawa anwani za Modbus zinaishia 247.

Ethaneti ya shaba huishia mita 100 kati ya swichi na kifaa. Zaidi ya hapo unaongeza swichi, au unatumia nyuzi za mwanga, ambazo kwa aina ya 100BASE-FX hufika kilomita 2 na hazipitishi umeme kabisa kutoka jengo moja hadi jingine. Kwa majengo mawili yenye mifumo tofauti ya ethi, binafsi sioni sababu ya kubishana: nyuzi za mwanga. RS-485 huvumilia volteji ya kati ya volti -7 na +12 tu kwenye nyaya zake, ikipimwa dhidi ya ethi ya mpokeaji, na radi moja inaweza kuvuka kiwango hicho kwa mbali sana. Pia kuna 10BASE-T1L, iliyoingizwa kwenye kiwango cha IEEE mwaka 2019, ambayo hubeba biti milioni 10 kwa sekunde juu ya jozi moja ya nyaya hadi mita 1,000. Inafuta hoja ya zamani kwamba Ethaneti haifai kwa umbali, mradi vifaa unavyohitaji vinapatikana kwa mlango huo.

Hatua ya 5: Jiulize kama kuchelewa kidogo kuna madhara

Kiwango cha maji kwenye tangi hakijali kama jibu limefika baada ya milisekunde 20 au 200. Mikono miwili ya mashine inayopaswa kwenda sambamba inajali sana, na hapo Modbus TCP haifai, kwa kuwa TCP inaahidi kufikisha ujumbe bila kuahidi lini. Kazi hiyo ni ya PROFINET IRT (aina yake yenye muda uliopangwa), ambayo mzunguko wake unaweza kushuka hadi mikrosekunde 31.25, au ya EtherCAT, iliyoletwa na Beckhoff mwaka 2003, ambamo fremu moja hupita ndani ya kila kifaa na kila kimoja huchukua na kuweka data yake fremu ikiwa bado njiani. Gharama ya ustadi huo ni kwamba EtherCAT hutaka mtandao wake peke yake, bila swichi za kawaida katikati. Wala siriali si lazima iwe taratibu: PROFIBUS DP hufika biti milioni 12 kwa sekunde juu ya RS-485, ingawa kwa kasi hiyo kipande kimoja cha laini huishia mita 100.

Hatua ya 6: Ukichagua RS-485, ifunge hivi

Pitisha laini kutoka kifaa hadi kifaa kwa mfuatano. Usiifunge kwa mfano wa nyota, na usiache matawi marefu, kwa sababu mawimbi hugonga ncha zilizo wazi na kurudi kuharibu data. Weka rezista ya omu 120 kwenye ncha mbili za laini, si kwenye kila kifaa. Vifaa vingi vina rezista hiyo ndani, inayowashwa kwa swichi ndogo, na kosa la kawaida ni kuikuta imewashwa kwenye vifaa vitano vya katikati.

Umeme ukiwa umezimwa, pima kwa multimita kati ya nyaya mbili za data. Utapata karibu omu 60, kwa kuwa rezista mbili za 120 ziko sambamba. Ukisoma 120, ncha moja haina rezista au waya umekatika mahali. Ukisoma 40 au chini yake, kuna rezista za ziada. Kisha washa umeme, zuia kidhibiti kisiulize, na upime volteji ya laini ikiwa imetulia: inapaswa kuzidi milivolti 200. Ikiwa chini ya hapo, mpokeaji hawezi kutofautisha ukimya na data, na laini inahitaji rezista za kuivuta kwenye volteji thabiti, ambazo huwekwa mahali pamoja tu, kwa kawaida kwenye kidhibiti.

Tumia kebo yenye waya wa tatu wa kuunganisha sifuri za volteji za vifaa, na unganisha ngao ya kebo na ethi upande mmoja. Alama za A na B usiziamini upesi, maana watengenezaji hawakubaliani ni upi chanya. Kifaa kisipojibu, badilisha nyaya hizo mbili kabla ya kufungua programu, kwani kuzigeuza hakuunguzi kitu. Mwisho, hakikisha kasi, pariti na biti za kumalizia ni zilezile kwa vifaa vyote, na kwamba hakuna anwani iliyorudiwa. Anwani iliyorudiwa ina dalili yake: vifaa viwili hujibu kwa pamoja, CRC inakosewa, na ukimzima mmoja, mwingine anapona ghafla.

Hatua ya 7: Ukichagua Ethaneti, usiifunge kama mtandao wa ofisi

Vipe vifaa vya uwanjani anwani za IP zisizobadilika na uziandike. Mahali penye mtikisiko, vumbi au maji, viunganishi vya M12 hukaa imara kuliko RJ45. Chagua swichi zinazosimamiwa, zile zenye uwezo wa kukuonyesha idadi ya makosa kwenye kila tundu. Swichi isiyosimamiwa ni rahisi siku ya kununua na ghali siku ya kutafuta hitilafu. Kwa njia isiyotakiwa kukatika, unganisha swichi kwa duara na utumie itifaki ya MRP, ya kuelekeza data upande wa pili duara likikatika, ambayo hurudisha mawasiliano ndani ya milisekunde 200 kwenye duara la hadi vifaa 50.

Usalama hauwezi kuahirishwa. Modbus TCP haina nywila wala usimbaji: yeyote anayefika kwenye mlango wa TCP namba 502 wa kifaa anaweza kukiandikia rejesta, na kifaa kitatii. Lipo toleo linalotumia TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, kwenye mlango namba 802, lakini vifaa vya zamani havilijui. Kwa hiyo tenga mtandao wa mashine na wa ofisi kwa VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi), weka ngome ya mtandao (firewall) katikati, na uruhusu anwani zinazojulikana tu. Kagua pia idadi ya miunganisho ya TCP ambayo kifaa hukubali kwa wakati mmoja. Vifaa vidogo hukubali michache, na skrini ya ziada iliyoongezwa baadaye inaweza kumfungia mlango kidhibiti chenyewe.

Hatua ya 8: Unganisha pande mbili kwa lango

Katika viwanda vingi vyenye vifaa vya rika tofauti, jibu la busara ni kutumia zote mbili: RS-485 ndani ya eneo la kila paneli, na Ethaneti kati ya paneli na chumba cha udhibiti. Sishauri kung'oa laini ya siriali inayofanya kazi na inayotimiza hesabu ya hatua ya 3 ili tu mchoro upendeze.

Katikati hukaa lango linalopokea ombi la Modbus TCP, likavua kichwa chake, likaongeza CRC na kulituma kwenye laini; jibu hurudi kwa njia hiyo likigeuzwa upya. Programu hulenga anwani ya IP ya lango, na namba ya kifaa ndani ya ujumbe ndiyo humtambulisha mlengwa. Kumbuka kwamba lango haliongezi kasi ya laini. Kompyuta tatu zikiuliza kwa pamoja, maombi hupanga foleni na kila moja husubiri zamu yake. Ndiyo maana muda wa kusubiri wa kompyuta lazima uzidi wa lango, pamoja na foleni; ukiwa mfupi, kompyuta hukata tamaa na kuuliza tena wakati ombi la kwanza bado lipo njiani, na foleni huzidi kurefuka. Lango lenye milango miwili ya RS-485, vifaa 10 kila upande, hupunguza mzunguko kwa nusu. Na hoja ya usalama inarudi: laini ambayo hapo awali ilifikiwa na mwenye ufunguo wa paneli tu, sasa inafikiwa na yeyote aliye kwenye mtandao.

Hatua ya 9: Jaribu mashine zikiwa kazini

Jaribio linalofanywa mota zikiwa zimezimwa halithibitishi kitu. Sifirisha kwanza vihesabu vya makosa kwenye kidhibiti, lango na swichi, kisha washa mashine zote, ikiwa ni pamoja na inveta kubwa, na uache mfumo uende zamu nzima. Zima kifaa kimoja kwa makusudi na utazame mzunguko wa vingine unavyobadilika. Ulinganishe na hesabu yako. Chomoa kebo moja ya swichi, uone kama duara linarudi kama ilivyoahidiwa. Makosa ya CRC yakipanda kila inveta fulani inapowaka, usianze kubadilisha kasi wala itifaki: tafuta kwanza mahali ambapo kebo ya data imelazwa sambamba na kebo ya mota, au ngao ambayo haijafungwa popote.